Nyama Yako, Koko

Picha iliingia kwenye simu siku ya Jumamosi, nikiwa nimeinamia mashini yangu ya kushona na gauni la komunio ambalo mwenyewe alishaanza kulipigia kelele. Niliacha gauni. Picha ilitoka kwa binti yangu aliye Amerika. Mjukuu wangu, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameketi mezani, miguu inaning'inia, meno ya mbele hayapo. Chini ya picha kulikuwa na maneno aliyoyaandika mtoto mwenyewe: "Koko, your chair."

Koko ni mimi. Ndivyo watoto wa hapa Bukavu wanavyowaita bibi zao. Neno la katikati sikulijua, nikaliruka. La mwisho nililijua vizuri sana, maana nilisoma kwa masista kule Katana, na masista walitutia Kifaransa kichwani kwa fimbo na kwa sala. "Chair" kwa Kifaransa ni nyama. Si nyama ya sufuria, hapana, nyama ya mwili wa mtu. Ndilo neno la siku ya ndoa, pale mtu anapomwita mwenzake nyama ya nyama yake. Yesu Maria! Mtoto ananiambia: Koko, mimi ni nyama yako.

Nililia. Sioni haya kusema.

Mtoto huyu alizaliwa huko huko, sijawahi kumshika hata mkono. Yeye anajua Kiingereza tu, nami Kiingereza sijui hata cha kuombea maji. Kila Jumapili tunatazamana kwenye simu na kuchekeana kama wageni waliokutana kilioni. Yeye anasema "hai, Koko", mimi nasema "mutoto wangu", basi, tumemaliza. Halafu mama yake anachukua simu na kuanza malalamiko: mtoto hataki maharage, mtoto hataki mboga, mtoto anataka mikate tu.

"Mufundishe basi Kiswahili," nimemwambia tangu mtoto ananyonya. "Ama Kifaransa. Ata neno moja!"

"Maman, nitoke kazi saa ngapi, nimufundishe saa ngapi?"

Hana kosa. Lakini anayekosa ni mimi. Visa niliomba, wakaninyima, eti nikifika nitabaki huko. Nibaki nifanye nini, na wateja wangu wote wako hapa mtaani Kasha? Na sasa, tangu vita ifike, hata ndege zenyewe hazitui tena kwenye uwanja wetu wa Kavumu.

Kwa hiyo mnielewe nilivyotoka mbio na simu mkononi, sentimeta ya kupimia ingali shingoni, mpaka kwa jirani yangu. Ni mama Mwislamu, wazazi wake walitoka Uvira, na zamani alikuwa anakwenda Kampala kununua vitenge. Nilimwonyesha picha, nikamtafsiria kwa mikogo yote. Aliangalia, akauma mdomo.

"Maman, Kifaransa iko wapi hapa? Hii iko Kingereza. Bale batu ba kule banasemaka 'cheya'. Maana yake kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti tu, maman, ya kukalia. Si hii mutoto amekalia?" Akajaribu kujizuia, akashindwa. "Na weye unasema nyama! Pole, maman. Nyama imegeuka mbao."

Nilimnunia. Nilirudi kwenye mashini nikakanyaga mpaka uzi ukakatika. Neno moja nimelisubiri miaka yote, limekaa kwangu kidogo tu, limeondoka. Halafu hasira ya pili ikapanda juu ya ile ya kwanza. Kiti changu, kwa nini? Kwetu kiti cha mtu kinawekwa kitupu akishakufa. Cha marehemu mume wangu kipo mpaka leo pale sebuleni, na hakuna anayethubutu kukikalia. Mimi nimekufa lini?

Kesho yake, nilipotoka misa, simu ikalia. Sikusalimia.

"Kiti ya nini? Muliona nimekufa?"

"Eh, maman!" Binti yangu alikuwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani, kwao ndiyo kwanza asubuhi. "Nani amekufa? Sikiya. Mu meza kuko viti ine, na siye tuko batatu, miye, baba yake na mutoto. Mutoto aliniuliza ya ine iko ya nani. Nikamwambia iko ya Koko, siku atakuya. Tangu pale hakuna mutu anaikalia. Mugeni akiingia, mutoto anakimbia kusimama mbele ya kiti. Yeye tu njo anaikaliaka. Anasema huku kuko baridi, anakutilia kiti joto."

Hasira yangu iliisha yote. Kisha nikamweleza lile la nyama. Binti yangu alicheka, akacheka, akajifuta macho, na kile kicheko kikabadilika. Akamgeukia mtoto, akamweleza kwa Kiingereza.

Nilimwona mjukuu wangu akikunja uso. Akagusa mkono wake. Akagusa mbao za kiti. Akagusa tena mkono wake. Halafu akasema maneno mengi.

"Amesema nini?"

"Anasema, kama ni vile, basi yeye njo kiti yako. Ukifika utamukalia yeye."

"Mwambie niko muzito. Nitamuvunja."

Akamwambia. Mtoto akainua kidevu, akajibu papo hapo.

"Anasema ataanza kukula maharage."

Nilimtaka yule mtoto. Nilitaka uzito wake hapa mapajani, jasho lake, kelele zake, sio kioo hiki ninachokifuta kila siku kwa pindo la kitenge. Na sisi watu wa Bukavu tuna uongo mmoja ambao hata padri hauhesabu kuwa dhambi: mtu akipigiwa simu, hata kama bado ana sabuni usoni, hajatafuta hata viatu, atajibu kwamba yuko njiani.

"Mwambie," nikasema, "Koko iko mu njia."

Binti yangu alinitazama. Yeye ni mzaliwa wa hapa, anajua maana yake. Lakini alimtafsiria mtoto vilevile, neno kwa neno.

Mtoto akashuka, akakikokota kiti, akakigeuza kiangalie mlango.