Masomo Yaliyopanda Mlima

Mimi hufundisha Kiingereza kwa simu, nikiwa nyumbani kwangu mtaani Skuta. Natuma somo fupi la sauti, mwanafunzi analisikiliza akipata nafasi, kisha ananitumia sauti yake. Si lazima nimwone. Ninachotaka ni asiogope.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa pota wa Naro Moru, mwanamume wa makamo anayewabebea wageni mizigo wakipanda Mlima Kenya. Alitaka kuwa kiongozi wa wageni, na mtihani wake ulikuwa wa kuzungumza Kiingereza. Lakini pota hutangulia na mzigo. Kwa miaka mingi aliwabebea watu ambao hakuwahi kuongea nao.

"Mwalimu, kuelewa naelewa," aliniambia. "Lakini nikiangaliwa, maneno inatoroka."

"Basi anza pale ambapo hakuna wa kukuangalia. Ongea ukipanda."

Huko juu hakuna mtandao. Alipakua masomo kabla ya kuondoka, na kwa siku kadhaa sikusikia lolote. Kisha kila aliposhuka hadi geti la mbuga, penye mtandao, simu yangu ililia mfululizo, sauti zake zote zikiingia pamoja. Nilichemsha chai, nikakaa nikazisikiliza kwa mpangilio. Katika za kwanza alieleza habari za mianzi, akihema. Juu zaidi, upepo ulimeza nusu ya sentensi. Wenzake nao walimcheka.

"Ati unaongea na nani? Na gunia?"

"Wacha mzee! Hiyo gunia imeshajua Kizungu!"

Hakunyamaza. Nami nilimsahihisha jambo moja tu kila mara, maana mtu akisahihishwa mambo kumi hubaki akikumbuka aibu.

Muda mfupi kabla ya mtihani iliingia sauti moja ndefu ajabu. Alikuwa amesahau kuzima kinasa sauti. Nilisikia hatua, sufuria zikigongana, pumziko, kisha mgeni mmoja aliyemfikia akauliza kwa Kiingereza ule mmea mkubwa ni mmea gani. Nikaweka kikombe changu mezani. Pota akajibu, taratibu, kwamba usiku majani yake hujikunja kwa sababu ya baridi, kama mtu anayejifunika blanketi. Mgeni akacheka, akauliza lingine. Akajibiwa.

Nilimwandikia: "Ulikuwa ukiangaliwa."

"Ngai! Kumbe ulisikia?"

Mtihani aliupita. Siku hizi hutembea bega kwa bega na wageni, na sauti anazonitumia zimekuwa chache. Ana watu wa kuongea nao.