Ngoma Waliyompigia Mghanga

Sisi tuliokulia Voi wakati simu ilikuwa ya kubonyeza, tena ya baba peke yake, tulikuwa watoto wa kelele. Sijui nguvu zile tulizitoa wapi. Leo nikipanda ngazi za ofisi nafika juu nahema, nakaa kwanza, ndipo nakumbuka nilichofuata. Nayawaza haya kwa sababu Jumapili mke wa Mghanga alinipigia simu. "Dada Wakesho," akasema, "Mghanga amenyamaza. Anaenda kazini, anarudi, anakula, haongei. Tangu tumzike nyanya yake ni hivyo tu. Nyanya aliniambia akinyamaza niwaite nyinyi." Ndiyo maana nimekaa hapa na mambo ya utotoni, na nguo zimelowa kwenye karai tangu asubuhi.

Tuliishi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ukuta kwa ukuta, mabati yakilia kwa joto. Wasichana tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wavulana bano za gololi, na jioni soksi nyeupe za shule zilikuwa rangi ya tofali. Mama zetu walizisugua mpaka wakachoka nazo. Tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kwenye kipande cha gazeti, na hakuna aliyeumwa tumbo. Otieno, ambaye baba yake alikuwa fundi wa reli, hakuweza kuona kitu bila kukipiga: mitungi, sufuria, kichwa cha mdogo wake. Mghanga alikuwa jirani yetu, wazazi wake watu wa Mgange huko milimani. Huyo alikuwa kimya. Kimya hasa, hata njaa hasemi, unamwona tu anaangalia sahani yako.

Likizo moja binamu yake Otieno alikuja kutoka Nairobi na CD isiyoandikwa kitu. Baadaye sana ndipo tulijua kwamba muziki ule ulikuwa metalcore iliyochanganywa na pop-punk. Siku ile tulisikia tu mtu anaunguruma kama amebanwa na mlango, halafu ghafla mwingine anaimba kwa sauti tamu kama mtoto wa kwaya, halafu ngoma zinakimbia kama zimeona nyoka. Mghanga aliisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akafungua mdomo, akaunguruma. Wacha! Kuku wa jirani walitawanyika wote. Mimi na Otieno tukaangaliana. Kumbe mtoto asiyeongea alikuwa na sauti ile tumboni muda wote.

Basi tukaanza. Mimi wa kwaya nikapewa sehemu tamu, Otieno mitungi, na Mghanga akaazima gitaa la kanisa, tukalichomeka kwenye redio ya baba Otieno iliyopasuka spika. Ule mkwaruzo ndio tuliutaka. Tukajiita Vumbi la Landhi. Baba Otieno alisikia mara moja tu. "Hiyo si muziki," akasema, "hiyo ni breki za treni, na mimi breki nimezitengeneza za kutosha." Mama yangu aliniuliza sauti niliyopewa na Mungu naipeleka kwa nani. Siku hizi mtoto akipiga kijiko kwenye meza mzazi anatoa simu anamrekodi, eti ana kipaji. Sisi kipaji kilifukuzwa kwa mwiko, na hatukuacha.

Tulikuwa tumekubaliwa kupiga kwenye tamasha la shule za mji wakati nyanya yake Mghanga aliposhuka na kikapu chake cha ndizi. Alimkuta nyuma ya nyumba anaunguruma, macho amefumba, mishipa ya shingo imesimama. Akaweka kikapu chini polepole. Nyanya yule alikuwa mama wa kanisa, Jumapili haimkosi, lakini pia alikuwa miongoni mwa wanaopiga mwazindika, ngoma yetu sisi Wadawida wa Taita ya kumpigia mtu aliyepandwa na pepo. "Huyu ana pepo," akasema, "na nyinyi mmekaa mnacheka!" Kesho yake akaondoka naye kwenda Mgange, wazazi wakaona heri, angalau landhi ipumzike.

Nililia, nasema wazi. Si kwa ajili ya tamasha. Niliogopa watamtoa ile sauti, waturudishie yule wa zamani anayeangalia sahani. Otieno naye hakupiga kitu siku mbili tatu, mpaka mama yake akamshika paji la uso akidhani ni malaria. Mwishowe tukaomba ruhusa ya kwenda kumsalimia mgonjwa, tukapanda milimani.

Mgange ilikuwa na ukungu na harufu ya moshi wa kuni, nasi watu wa joto tulitetemeka na vishati vyetu vyepesi. Tulimkuta uani, amekalishwa kwenye kigoda, kichwa chini, wanawake na wazee wamemzunguka na ngoma. Wageni hula kwanza, kwa hiyo tukapewa kimanga, mihogo iliyopondwa na maharage. Otieno hakula. Vidole vyake vilikuwa vinafuata ngoma kwenye ukingo wa sahani, mpaka akashindwa kuvumilia. "Nyanya, naweza shika hiyo kubwa?" Nyanya akamtazama juu mpaka chini. "Umenawa mikono?"

Akanawa. Akaifuata ngoma yao kwanza, kwa adabu, kisha akaingiza yetu ndani yake, ile ya kukimbia. Wazee wakacheka, halafu wakamfuata. Mghanga akainua kichwa. Akaunguruma hadi mbwa wakapita katikati ya ua mikia ndani, na sehemu yangu ilipofika niliimba, ningefanyaje, ilikuwa zamu yangu. Tulipomaliza alikuwa anacheka, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akasema ana njaa, aletewe kimanga. Alisema mwenyewe! Nyanya akapangusa macho kwa khanga. "Pepo wa huyu si wa kufukuzwa," akatuambia. "Anataka ngoma, na ngoma yake ni nyinyi. Msimwache anyamaze."

Hatukumweleza kamwe kwamba ni muziki tu. Ungeanzia wapi? Aliishi akiamini sisi ndio waganga wa mjukuu wake, na kila likizo alitutumia ndizi. Ile ngoma ya Mgange tuliiweka kwenye nyimbo zetu, na ndiyo iliyotutoa landhi. Tulipiga Taveta, tukapiga Mombasa, tukafika Nairobi, ambako vijana waliovaa nyeusi walisukumana mpaka wakaangushana, kisha wakainuana vizuri kabisa. Maungu tuliwapigia madereva wa malori. Mmoja alikuja kutuomba tupunguze, akabaki mpaka mwisho.

Watu huuliza nani aliivunja bendi. Hakuna, jamani. Otieno alienda Arabuni, akarudi na mgongo mbovu. Mimi nikapata kazi ya ofisi na watoto. Mghanga akawa fundi wa malori Maungu. Mazoezi ya kila wiki yakawa ya kila mwezi, yakawa ya Krismasi, kisha hakuna aliyeuliza. Tulichoka tu, kila mmoja kwake. Nyanya peke yake hakuchoka. Mke wa Mghanga ameniambia kwamba mpaka mwaka jana, kila Mghanga alipopanda Mgange, nyanya alikuwa akimkalisha uani, mzee mzima na ovaroli lake la grisi, anampigia debe la mafuta ili aungurume kidogo ndipo ale. Sasa yuko kaburini, na debe limenyamaza.

Nimempigia Otieno. "Mgongo je?" "Mbaya." "Na mikono?" Nikasikia vidole vinagonga meza. "Mikono iko." Jumamosi tunakwenda Maungu.

Binti yangu amesikia, akashangaa. Yeye anatengeneza wimbo mzima kwa simu akiwa kitandani, na ngoma ya simu haiumwi mgongo. "Mama, kwani mlihitaji watu wote hao? Nikutumie biti umpelekee, usijisumbue." Nimemwambia asante mwanangu. Enzi zetu ngoma ilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikujua. Nimeinuka na magoti yangu, nimekamua nguo, nimezianika, na hapo kwenye kamba nimejaribu ile sehemu yangu tamu. Imetoka nusu. Itabidi imtoshe Mghanga.