Gloriose na Wasia wa Marehemu

Mwaka 2021, mwezi wa tisa, Quakers Hill, mtaa wetu huku ugenini, ilikuwa kimya mpaka unasikia friji ya jirani ikinguruma. Kwa ajili ya korona tuliruhusiwa kutembea saa moja tu kwa siku. Mimi saa yangu ilikuwa ikiishia nje ya ua wa Cécile, Mrundi mwenzangu, mgonjwa wa sukari, anayeishi na binti yake Gloriose.

Kila asubuhi simu ya Cécile ilikuwa inasema kwa sauti ya Nibigira. Huyo Nibigira, mwenzetu wa maombi, korona ilikuwa imeshamchukua. Alizikwa na watu kumi tu, sisi wengine tulitazama jeneza kwenye simu. Lakini kabla hajaugua alirekodi maneno kwenye grupu la maombi, na watu waliyatuma upya kila siku, kwa heshima: "Ndugu zangu, msikubali sindano. Amerika waliwadunga weusi ugonjwa." Halafu anakohoa, anacheka kidogo. Ukisikia unageuka, unadhani yuko nyuma yako.

Kwetu neno la mwisho la marehemu ni wasia, halivunjwi. Cécile akafuta miadi yake ya chanjo.

Gloriose alikuwa anasoma chuo hapohapo jikoni, kwa kompyuta: historia ya Marekani ya karne iliyopita. Mama yake alikuwa akimtania, "Itakupa kazi gani hiyo? Kuendesha forklift kwenye maghala ya Wetherill Park?"

Siku moja nilimkuta Gloriose mlangoni, karatasi mkononi, macho mekundu.

"Mama, nimesoma mpaka mwisho. Ilikuwa Alabama, hukohuko Amerika. Wale wanaume weusi walikuwa wagonjwa wa kaswende tayari, hawakudungwa ugonjwa. Dawa ilipopatikana, wakanyimwa. Miaka na miaka wanaambiwa wanatibiwa, kumbe wanatazamwa tu wanavyokufa."

"Kwa hiyo marehemu ni mwongo?"

"Hapana, mama. Alisikia nusu. Walichonyimwa ndiyo sindano, ile ya kuwaponya."

Cécile akabonyeza simu. Nibigira akasema, akakohoa, akacheka. Tukasimama watatu, mimi nje ya ua, kama watu wanaomngoja aongeze neno. Hakuongeza.

"Mzee," Cécile akaniuliza, "wafu wanajifunza?"

"Sijui, mwanangu. Huyu karudia yaleyale."

Jumamosi Cécile alikaa kwenye kiti cha chanjo, mkono wazi. Akamwambia bintiye, "Muulize nesi: humo kuna dawa kweli, au mnatutazama tu?"

Gloriose akatafsiri. Nesi hakucheka. Alimpa Cécile kichupa cha chanjo akishike, akangoja.