Kura Moja ya Kwihara

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu Masanja, nilipoyasoma matokeo ya uchaguzi kwenye ukuta wa darasa. Kaa hapo kwenye benchi, na hiyo simu iweke mfukoni. Najua matokeo ya juzi yamekuchoma. Najua pia kwamba jana ulimwambia mkeo arudi kwao Ng'ambo, kwa sababu eti kura yake ameipeleka kwa wale usiowataka. Nimeyasikia kwa jirani, wewe hukuniambia. Basi nisikilize kwanza, halafu uamue unavyotaka, maana wewe ni mtu mzima. Haya ninayokupa sijawahi kumpa mtu, kwa aibu tu.

Wakati ule sikuwa nimefika hata miaka thelathini. Nilikuwa fundi baiskeli hapahapa Kwihara, na baraza letu ndilo lilikuwa gereji. Vyama vingi vilikuwa bado ni jambo jipya, watu wanajaribu huku na huku kama mtu anayechagua viatu vya mtumba. Chama kimoja, sikitaji jina kwa sababu hakina kosa katika habari hii, kilikuja kikaniambia nina ulimi mzuri, nikigombea udiwani nitapita. Nikavimba kichwa papo hapo. Uchaguzi mkuu unaujua, siku moja mnapiga kura tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mimi niliona kama zile mbili zimewekwa kuisindikiza ya kwangu.

Nikapewa kipaza sauti. Mwanangu, ukitaka kumjua mtu, mpe kipaza sauti. Ulikuwa ni wakati wa watu kuandaa mashamba ya tumbaku, na baiskeli zao zilikuwa kwangu, zimepinduliwa miguu juu barazani, hii haina mnyororo, ile ringi imepinda. Wenyewe walikuja kuziulizia, nami nikawajibu kwamba nikishinda kila mtu atapita kwenye lami mpaka mlangoni kwake. Walikwenda shambani kwa miguu. Baada ya siku kadhaa niliona baiskeli zimepungua, nikadhani wamechoka kusubiri wakazichukua mbovu hivyohivyo. Sikuuliza.

Siku ya kupiga kura nilivaa suruali ya arusi yangu. Ndani ya kituturi, pale mtu anapokuwa peke yake na karatasi zake, nilifanya kitu kimoja ambacho niliona ni cha werevu mkubwa. Nitakueleza mbele. Nikatoka nje nikitabasamu, nikampungia kila mtu mkono.

Kesho yake asubuhi nikaenda kuyasoma. Kituo chetu kilikuwa darasa la shule, upande ule wa njia ya kwenda kwenye tembe, ile nyumba ya kale ya udongo ambayo wageni huja kuipiga picha. Karatasi zilikuwa zimebandikwa ukutani. Nikaanza na ya rais, wa chama chetu amepata nyingi tu. Ya mbunge, nyingi vilevile. Moyo ukanipanda. Nikashuka kwenye ya udiwani, nikaliona jina langu, Maganga, na mbele yake imeandikwa moja.

Nilidhani tarakimu nyingine zimefutika. Nikapitisha kidole juu ya karatasi kutafuta alama ya wino. Hakukuwa na kitu. Watu walewale, siku ileile, wameshika karatasi tatu mkononi, mbili wamekipa chama changu, ya tatu wameninyima mimi wanayenijua tangu natambaa. Hilo ndilo lililonikausha damu. Kushindwa na mtu asiyekujua ni bahati mbaya, lakini kukataliwa na wanaokujua mpaka jina la utoto, hapo unajiuliza wanajua nini ambacho wewe hukijui.

Shija, rafiki yangu, ndiye aliyekuwa wakala wangu, ingawa yeye mwenyewe alijiandikisha kupiga kura kituo kingine. Alikaa ndani ya chumba kile tangu kura ya kwanza mpaka ya mwisho ilipohesabiwa. Nikamshika shati nikamuuliza kulikoni. Alinitazama kwa huruma fulani ambayo sikuielewa, akasema hesabu ni sahihi na amesaini, yaliyobaki ameapa kutunza siri.

Nikarudi nyumbani nikipiga hesabu njia nzima. Moja ni yangu. Basi mke wangu hakunipa. Na mama je? Nikajiambia mama ni mzee, macho yake hafifu, amekosea mstari. Unaona, mtu akitaka kumsamehe mtu hakosi sababu, na akitaka kumhukumu pia hakosi.

Mama yako Nyamizi alikuwa uani anachekecha unga, na wewe uko mgongoni umelala. Nikamuuliza bila salamu alimpa nani kura yake. Akasema, "Kura ni siri, baba Masanja." Nikamuuliza tena kwa sauti ya kufika kwa majirani. Akaendelea kuchekecha. Nikaingia ndani nikalitoa sanduku lake la bati, nikalitupa uani, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nayaonea haya masikio yangu mwenyewe.

"Nenda ukale kwa huyo uliyempigia kura."

Hakulia. Alinawa mikono, akakaza kanga iliyokushikilia mgongoni, akaondoka kuelekea kwao Isikizya. Sanduku hakuligusa. Bibi yako alitoka jikoni, akaliinua peke yake na uzee wake, akaliingiza ndani bila kunitazama. Kwa siku tatu alinipakulia ugali, akauweka chini, akaenda zake. Hakunisemesha hata neno. Nami kwa ujinga nikadhani anasikitika nilivyoshindwa.

Siku ya nne asubuhi nikasikia kilio njiani. Kilio cha msiba kabisa, cha kushika kichwa. Alikuwa Bi Mwavita, mtani wetu. Babu yake alitoka Uzaramo na misafara ya wapagazi enzi hizo, akaoa hapa, hakurudi. Na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu njia ile ilipokanyagwa mara ya kwanza. Unajua mtani alivyo msibani. Wote mnalia, yeye anacheka, anamwiga marehemu, ananyakua kitu cha nyumba na hakitoi mpaka mkikomboe, halafu ndiye huyohuyo anayeshika jembe la kuchimba. Na hakasirikiwi. Mtani akikutukana ukakasirika, aibu ni yako.

Bi Mwavita alikuwa amefunga kanga kiunoni, jembe begani, na nyuma yake amemburuta Shija na jembe la pili. Nikamwamkia shikamoo, hakuiitikia.

"Nimesikia kuna msiba," akasema. "Maiti iko wapi, nianze kuchimba?"

Akaketi katikati ya baiskeli zilizobaki, akaanza kuzipa pole moja moja kama yatima. Akawaambia majirani waliokusanyika kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila alikufa na kipaza sauti kooni. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akasema marehemu zamani alikuwa anashuka kwenye baiskeli kuwaamkia wazee, lakini alipokuwa mgombea akatoa shikamoo moja ya spika kwa kijiji kizima, na shikamoo ya namna hiyo haina wa kuiitikia marahaba. Nikawa najichekesha, jasho linanitoka. Akamalizia kwamba maskini wa Mungu ameingia kaburini na kura moja, na hata hiyo haijulikani ni ya nani.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema, tena kwa majivuno, "Hiyo ni yangu, Bi Mwavita. Naijua vizuri. Niliandika jina langu juu ya karatasi ili wasinibadilishie."

Ndicho kile kitu cha werevu nilichokuambia, mwanangu. Nilikuwa nimesikia uvumi kwamba kura hubadilishwa, nikaona heri ya kwangu niiwekee alama. Mimi mwenyewe niliyekuwa nikiwafundisha watu kwenye mikutano kwamba weka vema tu, usiandike kingine chochote.

Shija aliliacha jembe likaanguka. Bi Mwavita akamgeukia, sasa hacheki.

"Wewe uliyesomeshwa mambo ya kura. Kura yenye jina la mtu inafanywaje?"

"Huharibika, bibi," Shija akasema taratibu. "Haihesabiwi."

Na kabla sijapata neno, sauti ya mama ikatoka jikoni, ya kwanza baada ya siku tatu.

"Wala si yangu. Yangu nilimpa mgombea mwenzako. Nilitaka ubaki hapa utengeneze baiskeli za watu."

Masanja, nimeona mambo katika maisha haya. Nimezika, nimeuguza, nimeponea chupuchupu chini ya lori. Sijapata mshtuko kama ule. Nilikaa chini mavumbini. Nilikuwa nimemfukuza mtu nyumbani kwa kura moja niliyodhani ni yangu, nayo si yangu, na huenda ndiye yeye aliyenipa. Huenda. Na kama ndiye, basi katika kijiji kizima alikuwepo mtu mmoja tu aliyenitaka, nami nimemwambia akale kwingine. Hasira hasara, tunasema kila siku, lakini mimi hasara yangu niliiona ina miguu, inatembea kuelekea Isikizya na mtoto mgongoni.

Bi Mwavita akainuka. Akanyakua pampu yangu ya baiskeli pale ukutani, akasema marehemu hapumui hivyo haihitaji, na hataiachia mpaka Nyamizi arudi ndani ya nyumba hii. Kisha akaniinamia sikioni. Hakufanya utani tena.

"Wewe ulikwenda kuomba, ukanyimwa. Aliyeombwa ana haki ya kunyima, mjukuu wangu. Ukimwadhibu, hukuwa unaomba, ulikuwa unanyang'anya."

Nikapanda baiskeli yangu mchana uleule. Gurudumu la nyuma lilikuwa na upepo nusu, na pampu ndiyo hiyo imetekwa. Nilipovuka mji wa Tabora likawa limelala kabisa, na kwa haya sikumwomba fundi yeyote, wote wananijua. Nikaisukuma kwa miguu mpaka Isikizya. Fundi baiskeli, mgombea udiwani, anaingia kwa wakwe anasukuma pancha.

Nikamkuta mama yako nje ya nyumba ya baba yake, ameipindua baiskeli ya jirani, anaunga mnyororo. Mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Ndipo nikaelewa zile zilizokuwa zinapungua barazani kwangu zilikwenda wapi. Alikuwa akizitengeneza yeye nilipokuwa napiga kelele kwenye spika, akawarudishia wenyewe, na hakuniambia ili nisione haya.

Babu yako aliniitikia marahaba, akaniacha nimesimama muda mrefu, na alikuwa na haki. Nikaomba radhi mbele yake na mbele ya mkewe. Halafu nikamgeukia Nyamizi. Swali lilikuwa limenijaa mdomoni, mwanangu, lilikuwa linaniwasha. Nikafungua kinywa.

"Ukiniuliza hilo tena," akasema, "sirudi leo wala mwaka mwingine."

Nikakifunga. Akaitazama baiskeli yangu, akaenda ndani akaleta pampu ya kaka yake, akaziba pancha, akajaza lile gurudumu na mimi nimesimama tu. Tukarudi watatu kwa baiskeli hiyo moja, wewe ukiwa katikati. Bi Mwavita alikuwa anatungoja barazani na pampu yetu mapajani. Akanikabidhi, akasema msiba umeanuliwa.

Chaguzi ngapi zimepita tangu hapo? Kila mara tulikwenda kituoni pamoja, tukapanga foleni pamoja, tukarudi tunaongea habari za mvua. Sikumuuliza. Mwaka wa tatu huu tangu tumzike, na hakuniambia hata kitandani alipokuwa anaumwa. Sijui kama ile kura ilikuwa yake. Yaweza kuwa ya mzee fulani aliyenionea huruma, au ya yule binti kiziwi wa kisimani, au ya mtu niliyemnyima baiskeli yake mwezi mzima. Sijui mpaka leo. Na kwa kuwa sijui, tangu siku ile nimeishi na kila mtu wa Kwihara kama vile ndiye aliyenipa. Nashuka kwenye baiskeli, naamkia. Nadhani ndiyo faida pekee niliyoipata kwenye siasa.

Sasa hili ndilo neno langu kwako, na kwa vijana wenzako mnaotukanana kwenye simu tangu matokeo yatangazwe. Kama unaona hesabu si ya haki, ziko njia za kudai, zifuate mchana, kichwa wazi, wala usiogope. Lakini kura ya mtu ni yake. Mkeo alikupa mkono wake wa ndoa, hakukupa kidole chake cha kupigia kura. Usimuulize. Akikuambia kwa hiari, mshukuru hata kama imekwenda kule usikotaka, maana amekuamini. Na ukinyimwa, jiulize kwanza wewe, kabla hujamtafuta mwingine wa kumtolea sanduku nje. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyekataa kuinama asiulaumu uvungu.

Rais akishatangazwa ataishi kwake, mbunge kwake. Wewe utaishi na nani?

Ng'ambo si mbali. Baiskeli iko mlangoni, nimeijaza upepo asubuhi hii kwa pampu ileile, nayo gurudumu la nyuma ni zima. Ukifika, anza na baba yake, mwamkie vizuri, na akikuacha umesimama, simama. Mungu akutangulie njiani, aulainishe moyo wa yule binti na wako zaidi. Akupe nyumba isiyohesabiana kura, uzee wenye mtu wa kukuitikia, na watani wa kukuzika ukiwa hai ili upate kufufuka mapema. Nenda, mwanangu. Jua bado halijawa kali.