Neno la Bodil

Torleiv Hamnes alikuwa fundi wa kushona nyavu katika kisiwa kimoja cha Lofoten, kapera, mwingi wa kazi na mchache wa maneno. Tangu shuleni wenzake walimwita "rar", yaani kiroja kwa lugha ya kisiwani, kwa kuwa alizoea kuzungumza na kondoo. Neno hilo lilimkaa moyoni kama mwiba.

Alipokuwa na miaka thelathini na minne, Bodil alikuja kutoka Denmark kuwapikia wafanyakazi wa vichanja vya kukaushia samaki. Kila Jumapili Torleiv alimpelekea kuni, naye akamkaribisha kahawa. Walielewana vizuri, maana lugha zao ni ndugu wa tumbo moja. Jumapili moja Bodil akamshika mkono.

"Torleiv," alisema, "wewe ni rar sana."

Torleiv akaweka kikombe chini, akashukuru, akatoka. Hakurudi tena. Mara mbili Bodil alituma mtu kumwita, mara mbili akajibu kwamba nyavu zimemzidi. Samaki walipokauka, Bodil akapanda meli ya kusini. Torleiv aliitazama kupitia dirisha la banda lake hadi ikapotea.

Ikapita miaka ishirini na sita. Msimu mmoja wa baridi, dereva wa lori kutoka Denmark, Preben, alizuiwa na dhoruba, akapata hifadhi kwa Torleiv. Wakila, akamsimulia habari za marehemu mama yake, akasema alikuwa "rar" kuliko watu wote.

Torleiv akashangaa. "Humwonei haya mamako kaburini?"

"Kwani nimesema nini, bwana? Nimesema alikuwa mwema, mtu wa moyo laini."

"Kwenu ndiyo maana yake?"

"Ndiyo hiyo. Kwenu je?"

Torleiv aliinuka akatia kuni jikoni, ingawa moto ulikuwa mkali tayari.

Alimwandikia Bodil jinsi alivyolielewa vibaya neno lake, akaulizia anwani kwa watu watatu kabla ya kuipata. Jibu lilikuja karibu na Pasaka. Bodil alikuwa ameolewa na mwoka mikate, ana wajukuu wanne. Aliandika: "Miaka yote nilidhani nilikuudhi kwa kukushika mkono. Niliona aibu mno."

Torleiv alimjibu kwamba kosa halikuwa lake, akamtumia mumewe salamu. Zaidi ya hapo hawakuandikiana. Siku aliyotia barua ile posta, alikaa mezani peke yake mpaka viazi vikapoa.