Sale la Basili

Wenseslaus wa Marangu hakujaliwa mikono ya kutulia. Miaka ya themanini alikuwa dereva wa wataalamu wa Kijapani kwenye mashamba ya mpunga kule Chekereni, na mmoja wao akamfundisha bonsai: unapunguza mizizi, unapinda matawi kwa waya, mti wa porini unazeekea kwenye chungu kifupi kama sahani. Basi ukawa ndio ulevi wake. Kufika mwaka 1997 vyungu vilijaa ua mzima, mkewe Mektrida hana pa kuanika kahawa. Yeye anapogoa, anakaa, anainuka, anageuza chungu, anapogoa tena. Kuku anayetafuta pa kutagia ana nafuu!

Mwaka huo kaka yake Basili, waliyenuniana miaka mitatu kwa neno la kwenye pombe, alikuja na sale mkononi. Uchagani ukiletewa mmea huo umeombwa radhi, na hukatai: unaupokea, unaupanda, yamekwisha. Wakakumbatiana, wakanywa mbege, wakalia wote wawili, watu wazima na mvi zao.

Basili alipoondoka, Wenseslaus akalitazama lile sale. Shina zuri jamani! Mikono ikamwasha. Akalikata kichwa ili litoe matawi, akalizungushia waya, akalikalisha kwenye chungu cha bluu.

Mektrida akashika kiuno. "Baba Gladness, hata hilo?"

"Si nimelipanda?"

Miezi sita baadaye kulikuwa na maonyesho ya maua Moshi mjini, na sale likapata utepe wa kwanza. Watu walilizunguka wakilisifia. Katikati yao alisimama Basili, kofia mkononi. Aliangalia kile kichwa kilichokatwa, akaangalia waya.

"Kumbe msamaha wangu ndio huu," alisema, akaondoka bila kuaga.

Siku nne Wenseslaus hakupogoa hata tawi. Alianza kumwagilia, akaacha ndoo katikati ya ua. Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Siku ya tano akang'oa sale refu mpakani mwa kihamba, shamba lake la nyumbani, akaenda nalo kwa kaka yake.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kuomba radhi."

Mila haikumruhusu Basili kukataa. Alilipokea kwa mikono miwili, kisha akageukia ndani.

"Mama Hosea, niletee mkasi."

Mkasi ukaja. Basili akaufungua, akauweka shingoni mwa sale. Wenseslaus akaruka mbele.

"Kaka, usikate! Nakuomba, usilikate!"

Basili alimtazama, mkasi bado uko wazi.

"Kumbe unajua linavyouma."

Akamrudishia mkewe mkasi. Akachukua jembe, akachimba kando ya mlango, akalipanda sale likiwa zima na majani yake yote.

"Ukija hapa," alisema, "mikono weka mfukoni."

Wenseslaus akaitia mfukoni palepale. Akasimama hivyo mbele ya kaka yake, machozi yanamtiririka, na hakuthubutu kuitoa ayafute.