Mahali pa Kufunga Winchi

Mashua yangu ndogo ya tanga niliiunda uani kwangu, Nkuhungu, nikiwaza bwawa la Mtera. Winchi, pipa dogo la kuviringishia kamba ya tanga, niliifunga palipopendeza macho. Nilipoijaribu, kamba iliingia ikitokea juu, mizunguko ikapandana, ikakwama. Nikasonya.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Bahi, amevuta maji kisimani kwa gogo la kuzungusha linaloviringisha kamba tangu usichana. Akasema, "Baba, kamba iingie ikitokea chini kidogo."

Angekuwa mtu mwingine ningemtimua. Lakini mkwe hajibiwi, kwa hiyo nikaishusha roda inayoongoza kamba hadi kwenye winchi.

Kule Mtera upepo ulipokaza, kamba ilijipanga yenyewe kwenye winchi. Namshukuru mama, na ninaishukuru zaidi heshima iliyolifunga domo langu siku ile.